Pikipiki Isiyojua Kusimama

Niliinunua Makambako, mwaka niliotoka shuleni na cheti cha darasa la kumi, wakati bendera ya Mwingereza ingali ikipandishwa kila asubuhi pale bomani Njombe. Makambako ya siku hizo haikuwa mji. Ilikuwa njia panda yenye maduka manne, pampu moja ya petroli, kambi ya wajenzi wa barabara, na upepo. Katika vyote hivyo ni upepo peke yake uliofanya kazi bila msimamizi. Watu wa kijiji cha jirani, Lyamkena, walikuja kuuza viazi na kutazama malori ya Mbeya, kisha jioni wakarudi kwao wakisema wametoka mjini.

Aliyeniuzia alikuwa karani wa kambi ya barabara, mtu mwembamba aliyening'iniza miwani ya vumbi shingoni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona juu ya pikipiki, yake wala ya mtu mwingine. Alikuwa ameipata kwa mtoto wa mlowezi mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Aliniambia ni pikipiki ya mbio, ndogo lakini kali, na kwamba iliwahi kushinda mashindano katika mji fulani. Kila nilipomwuliza mji gani, alitaja mwingine.

"Hii si ya kubebea magunia, bwana mdogo," aliniambia. "Hii ni ya mtu anayejua anakokwenda."

Mimi sikujua ninakokwenda, kwa hiyo nikainunua.

Lakini haraka yangu ilikuwa na sababu. Kampuni moja ya miwati karibu na Njombe, yenye mashamba ya ile miti ambayo maganda yake hutumika kulainisha ngozi, ilikuwa inatafuta kijana msomi wa kuzunguka na pikipiki ya kampuni kutoka shamba hadi shamba, akikusanya karatasi za mizigo ya maganda na kuzileta ofisini. Nilipoisikia kazi ile sikulala. Kulipwa ili usikae mahali pamoja! Sijapata kusikia kazi nyingine inayonifaa hivyo, na sasa nina umri wa zaidi ya miaka arobaini, na nimekwisha kujaribu nyingi. Sharti lilikuwa leseni. Kampuni ilisema itangoja mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Mzungu wa polisi aliyewatahini madereva alikuja Njombe mara moja tu kwa mwezi, na kila mwanafunzi alitakiwa kufika na chombo chake. Basi hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nipate chombo, nijifunze, nifaulu mara ya kwanza. Ya pili isingekuwapo.

Sasa chombo chenyewe. Usukani wake ulikuwa umeinamishwa chini, kama wanavyotaka watu wa mbio, hata mwendeshaji alilazimika kulala kifua juu ya tangi la petroli na kutazama barabara kwa kope za juu. Mama aliponiona mara ya kwanza alidhani tumbo linaniuma. Kiti kilikuwa kipande cha ngozi ngumu ambacho hata punda angekikataa. Taa haikuwapo. Honi ilikuwa ile ya mpira ya baiskeli, na ilitoa mlio wa bata anayekanyagwa. Oili ilivuja kila mahali palipokuwa na nati, na mahali pengine pasipokuwa na nati. Injini haikujua kunguruma polepole ikingoja. Ilipiga kelele au ilikufa, hakuna katikati. Fundi alisema ndivyo zinavyotengenezwa za mbio. Nami nikajivunia jambo hilo, kama mtu anavyojivunia mke mgomvi kwa kuwa ametoka ukoo mkubwa.

Fundi huyo alikuwa mzee aliyepigana Burma na jeshi la Keya, akajifunza magari huko. Kazi yake aliifanya ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya pampu ya Makambako. Alinidharau tangu siku ya kwanza, na alikuwa na haki. Nilimjia na daftari ambalo nilikuwa nimeandika sehemu zote za injini kwa Kiingereza, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amelala chini ya lori.

"Umesoma vizuri," alisema. "Lakini injini haijui kama umesoma."

Kwa majuma matatu alinifundisha kwa matusi. Nilisugua plagi kwa msasa. Nilikaza mnyororo, nikaulegeza kwa kuwa nilikuwa nimeukaza mno, nikaukaza tena. Gasketi ya kichwa cha injini niliikata kutoka kwenye jalada la kalenda ya misheni. Ilidumu siku nne, na watu wa kwetu waliosikia habari hiyo hawakushangaa, maana kalenda ilikuwa ya kanisa. Waya wa breki ulitoka kwenye baiskeli iliyokufa. Mwisho fundi akagundua ugonjwa wenyewe. Ulikuwa katika magneto, kile kisanduku kidogo kinachotoa cheche. Nyaya zake zilikuwa zimechakaa. Zikiwa baridi, cheche ilitoka. Zikishapata moto, injini iliendelea tu kwa sababu ilikuwa inazunguka tayari. Ukiizima, cheche haikurudi mpaka ipoe kabisa. Magneto mpya ilipaswa kuagizwa Nairobi, na kungoja kulikuwa kwa miezi.

"Ikipata moto usiizime," aliniambia fundi. "Ukiizima njiani, umeoa. Utakaa nayo hapo hapo mpaka ipoe roho."

Nikajifunza hivyo. Asubuhi nilitoka Makambako na vibao vyangu viwili vya herufi nyekundu ya mwanafunzi, kimoja mbele, kimoja nyuma, nikaenda bila kusimama mpaka nyumbani Kichiwa. Watoto walikimbia, ng'ombe walikata kamba, na mwanamke mmoja wa jirani alimwuliza mama kama ile alama nyekundu ndiyo chapa ya mwenye mali. Niliwaona wote washamba. Nililala juu ya tangi langu na oili ikinirukia magotini, nikawaona washamba.

Nieleze kidogo desturi ya kwetu, maana bila hiyo haya mengine hayana maana. Kwetu humpiti mkubwa wako njiani. Mwenye baiskeli hushuka hatua kumi kabla, akaiegesha, akavua kofia, akachuchumaa kando ya njia na kuamkia. Huulizwa habari za nyumbani, za mahindi, za mgonjwa na za mvua. Hujibu zote. Kisha huikokota baiskeli hatua nyingine kumi ndipo apande. Safari ya maili tano siku ya gulio ilikula asubuhi nzima, na aliyefika mapema alijulikana kuwa hana adabu.

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo baba yangu alikuwa kaka yake mkubwa. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti jeusi alilopewa na mmishionari, na alilivaa jua likiwaka au kukiwa na baridi kali. Kanisani alikemea ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nyumbani alijua kila mwanzi uliokuwa unatoa ulanzi, na siku ulipoanza kutoa. Jumamosi moja alikuwa anarudi kutoka mkutano wa Kidugala pamoja na wazee wenzake wawili, mmoja wao kiziwi wa sikio la kushoto, nami nikawakuta katika mteremko wa kuingia Kichiwa, mimi nikipanda kurudi Makambako, wao wakishuka kwenda nyumbani. Injini ilikuwa moto kama jiwe la jikoni. Niliwaona. Nilikumbuka neno la fundi. Nikabonyeza honi ya bata, nikawapita, nikawaachia vumbi.

Jumapili baada ya ibada niliitwa. Tulikaa nyumbani kwa mama, wazee watatu kwenye viti, mimi chini. Baba mkubwa alisema bila hasira:

"Chombo hatukukukataza, mwanangu. Lakini umetupita umelala kifudifudi kama mjusi. Hata uso hatukuuona."

Nikajaribu kuwaeleza habari za magneto. Kibena hakina neno lake, nami Kiswahili changu cha mambo hayo kilikuwa nusu Kiingereza, kwa hiyo nilisikika kama mtu anayeweweseka. Yule kiziwi aligeuza sikio zima, akaniuliza mimi na chombo nani bwana wa mwenzake.

"Mimi," nikasema.

"Basi kwa nini ukikiambia kisimame hakisikii?"

Hukumu yao sijaisikia mahali pengine katika matembezi yangu yote. Walisema salamu iliyorukwa haifutwi kwa maneno. Hurudiwa pale pale iliporukwa. Wakala kuku wa mama, wakanawa, kisha tukatoka wote wanne. Wao wakapanda mpaka juu ya mteremko, mimi nikashuka mpaka chini, kwa miguu, bila pikipiki. Wakaanza kushuka polepole na fimbo zao kana kwamba wanatoka Kidugala. Nikaanza kupanda kana kwamba narudi Makambako. Tulipokutana nikavua kofia, nikachuchumaa.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

Kuku wa mama alikuwa bado katika meno yao! Nikajibu kwamba hajambo. Wakauliza mahindi, wakauliza mvua, na majirani walikuwa wamejipanga ukingoni wakitazama wazee watatu na msomi mmoja wakicheza mchezo wa watoto. Niliapa moyoni kwamba nikipata kazi ile sitapita tena katika mteremko ule, kwa miguu wala kwa gurudumu. Lakini fundisho lilikuwa limeingia. Dharau haizuii fundisho kuingia, ni kama mvua kwenye paa bovu.

Siku ya mtihani nilifika Njombe mapema ili injini ipate kupoa. Kulikuwa na ukungu, na baridi ile inayowafanya watu wote waonekane wanavuta sigara. Mtahini alikuwa Mzungu kijana, mwenye soksi ndefu na magoti mekundu, na Kiswahili alichojifunza kwa kuamrisha mbwa. Mstari wa chokaa ulikuwa umechorwa mbele ya boma. Niliambiwa niende mpaka kona yenye mikaratusi, nigeuze, nirudi, na kusimama juu ya chokaa. Nitoe mkono kila ninapogeuka na kila ninaposimama. Basi. Mtihani wa kunipa au kuninyima maisha ulikuwa mfupi kuliko njia ya kwenda kisimani.

Pikipiki iliwaka kwa teke la tatu. Nilikwenda vizuri. Nilitoa mkono, nikageuza kwenye mikaratusi, nikarudi, nikaiona chokaa na yale magoti mekundu yakiningoja. Zilibaki kama hatua mia mbili. Hapo ndipo wazee watatu walipotokea kwenye njia ya pembeni, kofia kichwani, koti jeusi mbele. Walikuwa wameitwa bomani kutoa ushahidi wa kesi ya mpaka wa shamba. Wakaniona. Wakasimama kando ya barabara, wote watatu, wakanielekea.

Nilikuwa na nafasi ya kufikiri kama aliyonayo mtu anayepiga chafya. Nikafunga mafuta. Nikazima. Nikashuka hatua kumi kabla, nikaiegesha kwenye tuta, nikavua kofia, nikachuchumaa.

"Kamwene, baba."

Baba mkubwa alinitazama, akamtazama mwenzake, akajibu. Kisha, kwa kuwa salamu ikianza haina budi iishe, akauliza habari za nyumbani, ingawa nyumbani kwetu na kwake ni ua mmoja. Nikajibu. Akauliza mama, mahindi, mguu wa bibi. Nikajibu vyote, huku nikisikia injini nyuma yangu ikilia ti, ti, ti, kama chungu kilichoepuliwa. Nilipoinuka na kuipiga teke, ilikuwa imekwisha kufa. Niliipiga teke tena na tena. Mzungu alikuwa ameweka mikono kiunoni.

Wazee waliposhindwa kuvumilia wakaja kusukuma. Baba mkubwa alishika kiti, wale wawili walisukuma mabega yangu, na mabawa ya lile koti la kanisa yakapepea. Injini haikusema neno. Tukaivuka chokaa kwa miguu, watu wanne, na pikipiki ya mbio katikati kama ng'ombe mgonjwa anayepelekwa josho.

Mtahini aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini nimesimama. Nilimjibu kwamba yule ni baba yangu. Akaandika. Akasema nimesimama bila kuamriwa, tena bila kutoa mkono, na kwamba mtu anayesimama kwa kila anayemjua si dereva. Baba mkubwa hakujua Kiingereza lakini alijua sura. Akavua kofia.

"Bwana," alisema kwa Kiswahili chake cha kanisani, "kijana huyu ana heshima. Tumemfundisha sisi."

"Leseni hapana ya heshima," Mzungu akasema, akafunga daftari, akamwita anayefuata.

Tulipokwisha kuiegesha kando, baba mkubwa akaniuliza taratibu, kwa Kibena, ili askari wasisikie:

"Lakini kwani ulisimama kwa nini?"

"Nilisimama kwa ajili yenu, baba. Mlisimama mkiningoja."

"Hatukukungoja. Tulijua uko katika kazi ya Mzungu. Tulisimama kukutazama tu." Akamgeukia kiziwi. "Si tulikuwa tunamtazama?"

"Ulikuwa unakuja vizuri," yule kiziwi akasema.

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, wengine kwa haki. Lakini siku tatu zile nilidharau kwa bidii. Nilimdharau Mzungu na magoti yake, karani na miwani yake, fundi na Burma yake. Wazee niliwadharau kwanza kwa sheria yao, kisha, zaidi, kwa kuiachilia siku ile ile nilipoitii. Mimi mwenyewe nilikuwa wa mwisho katika orodha, nami nilistahili kutangulia, maana sikushuka kwa heshima. Nilishuka kwa hofu ya kurudishwa tena pale mteremkoni mbele ya majirani. Heshima ingeweza kuwainamia kwa macho na kupita.

Siku ya nne nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni kuomba waningoje mwezi mmoja tu. Nilifika karibu na saa tano. Mlangoni nikaliona koti jeusi.

Alikuwa ametoka Kichiwa kwa miguu usiku ungalipo. Hakuniambia, wala hakumwambia mama. Alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, mbele ya meza ya karani mmoja niliyemjua: alikuwa nyuma yangu madarasa mawili shuleni na hakuweza kugawanya sehemu. Karani alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. Baba mkubwa alikuwa amengoja aamkiwe, kama inavyompasa kungoja mtu wa umri wake; nilijua kwa jinsi alivyosimama kwamba alikuwa amengoja sana. Kisha nikamsikia akisema, polepole na kwa sauti ya kutosha:

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba," karani akasema, akachovya kalamu.

Nilibaki pale nje. Nilimsikia akieleza kwamba kijana wake hakushindwa kuendesha, ila alizuiwa na wazee, kwa hiyo kosa ni la wazee, na kama kampuni inataka kuandika kosa iliandike kwa jina lake. Karani akajibu kwamba mwenye leseni amekwisha patikana tangu jana, amekuja na baiskeli ya kuazima na leseni yake mfukoni. Baba mkubwa akashukuru. Alipogeuka akaniona.

"Umekuja," akasema.

"Twende nyumbani, baba."

Nilikuwa nimekuja na pikipiki, na ilikuwa moto. Sikuigusa kuiwasha. Niliikokota, naye akatembea upande wa pili, tukaacha mashamba ya miwati nyuma. Nilitaka aseme jambo la kipumbavu ili niendelee kumdharau, maana dharau ilikuwa imenisaidia kutembea mpaka siku ile. Badala yake aliniuliza kama Mzungu atakuja tena mwezi ujao.

"Atakuja."

"Nenda tena."

"Kazi imekwisha kwenda, baba."

"Kazi imekwenda. Leseni haijaenda." Akakohoa, akatazama barabara badala ya kunitazama mimi. "Siku hiyo sisi tutapita njia ya mashambani."

Kesi ya mpaka ilikuwa imeahirishwa, na siku iliyopangwa ikaangukia siku ile ile ya mtahini. Nilifika mapema, nikaiacha ipoe. Mzungu hakunikumbuka. Nilikwenda mpaka mikaratusi, nikatoa mkono, nikageuza, na barabara ya kurudi ilikuwa tupu kabisa. Nilikuwa nimelala juu ya tangi, kwa hiyo niliona kidogo tu kwa upande: nyuma ya tuta, katikati ya mahindi mabichi, kofia tatu zikienda kwa kuinama, mojawapo juu ya koti jeusi lililolowa umande mpaka kifuani. Mahindi yalikuwa mafupi kuliko walivyodhani. Nilitoa mkono kama inavyotakiwa, nikasimama juu ya chokaa.